SAFARI YA JAMAA KATIKA BONDE LA HELL'S GATE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza ya wazazi)



Tumeombwa kusema nanyi habari ya kwenda matembezi pamoja na jamaa, na mahali tulipopachagua ni Hell's Gate, karibu na Naivasha. Maana ya jina hilo ni Mlango wa Jehanamu, nalo huwashtua wengi walisikiapo mara ya kwanza. Lakini mahali penyewe ni pazuri mno, na wengi waliofika hutamani kurudi.

Tunayo mambo mawili ya kuwaambia. La kwanza, bonde lile ni mali yenu, na yafaa mwende mkalione kwa macho yenu wenyewe. La pili, safari ya namna hii hutengenea au huharibika nyumbani, kabla mtu hajatia mguu njiani. Na ndani ya hilo la pili limo neno moja ambalo kwa kutofuatwa watu wamekwisha kufa. Neno hilo tutalisema waziwazi, wala hatutalificha kwa kuogopa kuwatia watu hofu.

BONDE LENYEWE

Hell's Gate i upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, katika Bonde Kuu la Ufa, mwendo wa kilometa 90 hivi kutoka Nairobi. Serikali iliitenga kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1984, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 68 hivi. Si hifadhi kubwa. Mtu aweza kuiona sehemu iliyo nzuri zaidi kwa siku moja, na ndiyo sababu yawafaa watu wenye watoto na wenye kazi za kurudia.

Ukiingia kwa lango liitwalo Elsa, wajiona mara moja kati ya kuta mbili za majabali mekundu, na katikati yake nchi tambarare yenye majani. Mbele kidogo limesimama jiwe moja peke yake, refu kama mita 25, liitwalo Mnara wa Fischer. Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyekaa Unguja, naye alifika pande za Naivasha mwaka wa 1883. Lakini Wamasai wana habari yao wenyewe juu ya jiwe hilo. Husimulia kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akaonywa asigeuke nyuma kutazama kwao. Naye akageuka, akawa jiwe.

Wanyama wako wengi: pundamilia, swala, twiga, kongoni, pofu, ngiri na nyati. Juu katika majabali hukaa tumbusi na mbayuwayu. Na katika hifadhi hii watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kupanda baisikeli kati ya wanyama, jambo ambalo katika mbuga nyingi nyingine limekatazwa. Mtoto aliyemwona twiga akiwa amesimama chini, si kwa dirisha la gari, hatasahau.

Upande wa Olkaria mtaona moshi mweupe ukitoka ardhini na mabomba makubwa yakipita vilimani. Huo si moto, ni mvuke wa maji yaliyochemka chini sana ya nchi kwa joto la volkano. Tangu mwaka wa 1981 mvuke huo umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka huko. Mwonyesheni mtoto mabomba yale, kisha mkirudi nyumbani mwambieni, "Taa hii inawashwa na mvuke ule." Hilo ni somo ambalo mwalimu hawezi kulitia ubaoni vizuri kama macho yalivyoliona.

Mwisho wa njia, kama kilometa 8 kutoka lango la Elsa, liko korongo liitwalo Ol Njorowa. Zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kupita lilivyo sasa, na maji yake yalitafuta njia ya kutokea kusini. Yakapita hapo miaka mingi sana, yakakata mwamba, yakaacha njia nyembamba yenye kuta ndefu. Mahali pengine ni pembamba hata mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili. Chemchemi za maji moto huchuruzika penye ufa wa mwamba. Siku hizi ziwa halimwagi maji yake hapo tena, na kwa siku nyingi za mwaka utaona chini ya korongo mchanga na kijito chembamba tu. Lakini kumbukeni: njia ya maji, hata ikikauka, ni njia ya maji.

MBUGA SI ZA WAGENI TU

Wako wazee wasemao, "Mambo ya mbuga ni ya wageni wenye kamera." Fikira hiyo ina asili yake. Hifadhi ya kwanza ya taifa katika Kenya, ile ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1946, siku za utawala wa Waingereza, na Mwafrika wa siku zile, kama aliingia, aliingia kwa kazi, si kwa matembezi na watoto wake. Siku hizo zimepita. Mwananchi sasa hutozwa ada ndogo kuliko mgeni, naye huingia kwa kitambulisho chake. Wanyama wale na majabali yale hulindwa kwa fedha na jasho la nchi hii. Mtoto asiyekiona kilicho chake hawezi kukitunza atakapokuwa mkubwa, na akiambiwa kesho kwamba kimeharibika, hatajua amepoteza nini.

Kwa hiyo twawasihi mwende. Na sasa tuseme jinsi ya kwenda.

SHAURI LA NYUMBANI

Wakristo kati yetu wanaikumbuka habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara, akaketi kwanza ahesabu gharama. Safari nayo yataka kuketi. Baba asiamue peke yake usiku akawatangazia watu asubuhi. Mama wa nyumba ndiye ajuaye ni mtoto gani hushikwa na kifua kwa baridi, na ni nani asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Bibi naye aulizwe, maana huenda miguu haimfai lakini moyo wataka kwenda, na kuna njia ya kumpeleka asitaabike.

Hesabuni gharama katika mafungu: nauli ya kwenda na kurudi, ada ya kuingia, ya wakubwa na ya watoto, kukodi baisikeli, ujira wa kiongozi wa njia, chakula, na fungu dogo la haja isiyotazamiwa, ambalo haliguswi mpaka mmerudi nyumbani. Ada hubadilishwa mara kwa mara, basi ulizeni kabla ya kuweka akiba, msitegemee bei aliyowaambia jirani aliyekwenda miaka iliyopita. Tena jueni kwamba ada hulipwa kwa njia ya simu, katika utaratibu wa Serikali uitwao eCitizen. Mtu afikaye langoni na noti mfukoni bila njia ya kulipa kwa simu hujitia matatani, na watoto humtazama.

Hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Fikeni mapema. Naivasha ni nchi ya juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi na mchana jua ni kali. Kila mtu awe na nguo ya baridi na kofia. Viatu viwe vya kushika mwamba, si malapa wala viatu vya kanisani. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha kutoka nyumbani, na chakula kifungwe vizuri katika chombo chenye kifuniko, kwa maana nyani wa huko wamezoea watu, na mtoto ashikaye andazi mkononi hunyang'anywa.

Wapanda baisikeli na wafuate barabara, wasiingie vichakani, na mtoto mdogo asitangulie peke yake. Nyati akionekana karibu na njia, simameni mbali, ngojeni aondoke, au rudini nyuma taratibu. Msimpigie kelele wala msimkaribie kwa ajili ya picha. Mawe meusi yang'aayo kama kioo, ambayo watu wa kale walichonga visu kwayo, yaacheni yalipo. Ukingo wake hukata, na tena si halali kuyachukua.

MAJI YA MVUA USIYOIONA

Sasa twafika kwenye neno tulilosema hatutalificha.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012 vijana wa kanisa walikuwa katika korongo la Ol Njorowa. Maji yakaja kwa ghafula, na saba kati yao wakafa. Tarehe 1 Septemba mwaka wa 2019, siku ya Jumapili, kundi lingine lililokwenda matembezi lilikutwa na maji mahali hapo hapo, na watu saba wakafa. Hawa hawakuwa watu wa kutafuta hatari. Walikuwa watu kama ninyi, waliotoka kwenda kufurahi.

Tazameni zile tarehe. Aprili ni masika, na mtu angeweza kusema, "Mimi nitangoja kiangazi." Lakini Septemba si masika. Mwenye kutegemea kalenda peke yake atadanganyika.

Sababu yake ni hii. Korongo hukusanya maji ya nchi pana iliyo juu yake. Mvua ikinyesha vilimani, maji huteremka kwa makorongo madogo mengi, nayo yote humwagika katika njia moja nyembamba. Nchi ya volkano ina vumbi na majivu laini ambayo hubebwa upesi, na mwamba mtupu haunywi maji. Basi kinachokuwa mvua ya kawaida huko juu, huwa ukuta wa maji huku chini. Nawe uliye chini huoni kitu, kwa maana kuta zimekufunika, na juu ya kichwa chako mna ukanda mwembamba wa mbingu, labda una jua. Mvua itakayokuua haikunyeshei wewe. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaongeza kwamba mvua usiyoiona hujui itafika lini.

Wala jambo hili si la korongo hilo peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka wa 2024, karibu na Mai Mahiu, katika Bonde hilo hilo la Ufa, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu yaliachia, yakachukua nyumba na watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala. Watu wa nchi za mabonde hawana budi kuijua tabia hii ya maji na kuifundisha watoto wao, kama watu wa pwani wafundishavyo watoto kupwa na kujaa.

Basi fanyeni hivi. Siku moja kabla ya safari, na asubuhi ya safari, sikilizeni habari za Idara ya Hali ya Hewa, na msiulize habari ya Naivasha mjini tu, bali na ya vilima vilivyo juu. Mkifika langoni, ulizeni askari wa hifadhi kama korongo li wazi siku hiyo, na kama mvua imenyesha mahali popote juu tangu jana. Wakisema halishukwi, ni basi. Wakisema lashukwa, chukueni kiongozi wa njia ajuaye mahali pale, na kabla ya hatua ya kwanza mwambieni awaonyeshe mahali pa kupandia na kutokea. Si baba peke yake aonyeshwe. Kila mtu na aonyeshwe, hata mtoto wa miaka minane.

Hesabuni watu kabla ya kushuka. Mmoja mwenye akili abaki juu pamoja na bibi na watoto wachanga, naye ajue idadi ya walioshuka na saa waliyoahidi kurudi. Mkiwa chini, mkiona kijito kimegeuka rangi kuwa cha tope, au vijiti na majani vyaja na maji, au mkisikia mvumo kama wa lori lipandalo mlima, msingoje kujua ni nini. Acheni mizigo, shikeni watoto, pandeni juu papo hapo. Msikimbie kufuata korongo, maana maji hukimbia kuliko ninyi. Kikapu hununuliwa kingine.

KWA NINI WATU HUSHUKA HATA WAKIONA WINGU

Tumelifikiri swali hili sana, maana wengi washukao siku mbaya si wajinga. Twaona sababu yake ni hii: watu huwa wamekwisha kutoa fedha na kuahidi. Baba ameweka akiba miezi minne. Watoto wameimba jina la korongo njia nzima. Amefika, ameona wingu zito upande wa juu, na moyo wamwambia hapana, lakini asema moyoni, "Nitawaambia nini hawa?" Basi aibu humsukuma kushuka, naye hujitia moyo kwamba dakika chache tu si kitu.

Dawa ya jambo hilo haipatikani pale ukingoni. Hutengenezwa nyumbani, siku ile ya kuketi shauri. Msiwaambie watoto, "Twaenda kushuka korongoni." Waambieni, "Twaenda kuona twiga, na Mnara wa Fischer, na kupanda baisikeli, na kula chakula chetu chini ya majabali, na kuona mvuke wa Olkaria. Na kama askari wataruhusu na mbingu zi safi, tutashuka korongoni pia." Hapo korongo limekuwa nyongeza, si kiini cha siku. Likifungwa, siku haikuvunjika. Na baba au mama asemaye "la" hasemi kwa aibu, maana "la" ilikuwamo katika shauri tangu mwanzo, na kila mtu aliikubali.

Tena wekeni patano kwamba neno la mwoga kuliko wote ndilo litakalofuatwa. Mama akisema, "Moyo wangu hautulii," asichekwe. Kijana akisema, "Nimesikia mvumo," asiambiwe anyamaze kwa kuwa ni mdogo. Mwenye kukosea kwa kuogopa hurudi nyumbani akataniwa. Mwenye kukosea kwa ushujaa huenda asirudi.

Wako watakaojibu, "Siku ya mtu ikifika, imefika, Mungu ndiye ajuaye." Hatushindani na neno hilo. Lakini Mungu ndiye aliyetupa macho ya kuona wingu na ulimi wa kumwuliza askari. Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Mkulima amwombaye Mungu mvua hulima shamba lake kabla. Na sisi tuombao ulinzi wa safari tuketi shauri kabla ya safari.

Tumesema mambo ya kutisha, na hatupendi mwondoke hapa mkiwa na hofu tu. Watu wengi mno huingia Hell's Gate kila mwaka na kutoka salama, wakiwa na vumbi viatuni na habari za kusimulia mwezi mzima. Bonde lile si adui wa mtu. Lina desturi zake, kama nyumba ya watu ilivyo na desturi zake, na mgeni mwema huuliza desturi za nyumba kabla ya kuketi.

Basi mkitoka hapa leo, jambo la kufanya kwanza si kutafuta gari. Ketini pamoja nyumbani, baba, mama, bibi na watoto, mhesabu gharama, mgawane kazi, mkubaliane kwamba korongo ni nyongeza, na kwamba askari akisema "la", nanyi mtasema "la" bila kununa. Jamaa waliokubaliana hivyo wamekwisha kuimaliza sehemu ngumu ya safari.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye kuuliza na aulize sasa, na aliyekwisha kufika huko atuongezee ayajuayo, maana baraza ni ya wote.